Programu inayoganda skrini inapofunguliwa: uchambuzi wa kidhibiti kilichozaliwa kwenye uzi usiosikiliza

Malalamiko yalikuwa ya aina moja kila yalipokuja. Mtumiaji ameiacha programu ikiingiza nyaraka, amefunga skrini na kwenda zake. Akirudi na kuifungua anakuta dirisha la programu limepauka, juu yake pameandikwa kwamba haijibu, na hakuna kitufe kinachobonyezeka. Programu nyingine zote ziko salama. Nyaraka zilizokuwa zikiingizwa zimeshaingia, hifadhidata haina kasoro, na daftari la matukio halina kosa hata moja. Dawa pekee ni kuiua programu na kuianzisha upya.

Programu yenyewe ni ya mezani, imeandikwa kwa lugha ya C# juu ya Windows Forms, maktaba ya Microsoft ya kutengenezea madirisha na vitufe. Inapitia mafolda ya nyaraka, inatoa maandishi yaliyomo na kuyaweka kwenye faharasa ili yatafutike. Kazi nzito yote inafanyika chinichini kwa Task.Run, amri inayoipeleka kazi kwenye uzi mwingine (uzi, au thread, ni mfululizo mmoja wa utekelezaji ndani ya programu), na uzi mkuu umeachiwa kiolesura tu: jina la faili linalosomwa, upau wa maendeleo, jedwali la matokeo. Mpangilio huo ni sahihi, na ndiyo sababu kisa hiki kinastahili kuelezwa kwa urefu. Kila aliyeukagua msimbo aliona sheria imefuatwa, na kweli ilikuwa imefuatwa kwa namna ambavyo wengi wetu tumefundishwa.

Tuanze na sheria hiyo. Kwenye Windows, kila dirisha lina uzi unaolimiliki, nao ni ule uliolitengeneza. Kidhibiti cha kawaida cha Windows Forms, kiwe kitufe, lebo au jedwali, nacho ni dirisha dogo ndani ya dirisha kubwa. Ujumbe wowote unaokihusu, kuanzia kubonyezwa kwa kipanya hadi amri ya kujichora upya, hushughulikiwa na uzi mmiliki na si mwingine. Uzi mkuu hufanya hivyo kwa kuzunguka bila kukoma: unachukua ujumbe kwenye foleni, unaushughulikia, unarudi kuchukua unaofuata. Ukishikwa na kazi nyingine ukakaa zaidi ya sekunde 5 bila kuitazama foleni, Windows huutangaza kuwa haujibu na kuweka kivuli cha dirisha mahali pa dirisha lenyewe. Kule kupauka ambako watumiaji wanakuona ndiko huko.

Wengi huuliza kwa nini watengenezaji wa maktaba za kiolesura hawakuweka kufuli kwenye kila kidhibiti, yaani kinga inayoruhusu uzi mmoja tu kwa wakati, ili uzi wowote uweze kukigusa. Jambo hilo limejaribiwa. AWT, maktaba ya kwanza ya kiolesura ya Java, ilipoanza ililenga kutumiwa na nyuzi nyingi kwa wakati mmoja, na matatizo yaliyotokea ndiyo yaliyoifanya Swing, iliyoifuata, ishike sheria ya uzi mmoja. Shida iko kwenye mwelekeo wa safari. Tukio la mtumiaji huanzia chini, kwenye mfumo endeshi, likapanda hadi kwenye msimbo wa programu. Amri ya programu huanzia juu na kushuka hadi kwenye mfumo. Kila tabaka likiwa na kufuli lake, safari moja hufunga kufuli la chini kwanza na nyingine hufunga la juu kwanza. Zikikutana katikati, kila moja inashikilia kile ambacho mwenzake anakisubiri. Nidhamu ya mwandishi wa programu haitoshi kuliondoa hilo. Ndiyo maana maktaba za kiolesura kama Windows Forms, WPF, Qt, Swing na AppKit (ya macOS) zote zimefika kwenye jibu lilelile: vidhibiti ni mali ya uzi mmoja, na nyuzi nyingine zote ziupelekee uzi huo ujumbe.

Programu hii ilikuwa ikiutuma vizuri. Njia (method, kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina lake) ya kuonyesha maendeleo ilikuwa hivi:

```
private void OnyeshaHatua(string jina, int asilimia)
{
    if (InvokeRequired)
    {
        BeginInvoke(new Action(() => OnyeshaHatua(jina, asilimia)));
        return;
    }
    lblFaili.Text = jina;
    upauHatua.Value = asilimia;
}
```

InvokeRequired inalinganisha uzi unaomiliki dirisha na uzi unaouliza. Zikitofautiana, BeginInvoke inaiweka kazi kwenye foleni ya mmiliki na kuondoka bila kusubiri. Invoke nayo huiweka kazi hiyohiyo lakini husubiri hadi imalizike, na hapo ndipo penye mtego unaojulikana zaidi: uzi mkuu ukiwa umesimama ukisubiri kazi ya chinichini imalizike, kwa Wait au Result, na kazi hiyo ikaita Invoke, kila mmoja anamsubiri mwenzake milele.

Kwa hiyo shaka ya kwanza ikaangukia hapo. Tulitafuta kila Invoke, kila Wait, kila Result. Palikuwa na Invoke chache, zikageuzwa kuwa BeginInvoke. Tuliangalia pia kama kuna mahali mtu amezima ulinzi wa CheckForIllegalCrossThreadCalls, maana ni jambo linalofanyika sana. Hapakuwa na kitu. Ulinzi huo, uliokuja na .NET 2.0 mwaka 2005, hutupa kosa pale uzi usiomiliki kidhibiti unapokigusa, ila kwa kawaida huwa macho pale tu dibaga, zana ya kusakia makosa, inapokuwa imeshikizwa kwenye programu. Kwa mtumiaji, kosa hilohilo linapita kimya. Kwa hiyo tuliuwasha kwa lazima kwenye toleo la majaribio. Haukusema lolote, na malalamiko yakaendelea.

Njia ya kutoka ilipatikana kwa kuacha kukisia na kutazama programu ikiwa katika hali yake ya kuganda. Task Manager inaweza kuhifadhi picha ya kumbukumbu ya programu inayoendelea bila kusakinisha chochote kwenye kompyuta ya mtumiaji, na picha hiyo inafunguka kwenye Visual Studio au WinDbg, zana za kuchunguzia programu. Ningependa kila anayeshughulikia programu iliyoganda aanzie hapa. Programu iliyoganda ni shahidi mzuri kuliko iliyoanguka, kwa sababu kila uzi bado umesimama palepale ulipokwama. Mnyororo wa miito wa uzi mkuu, yaani orodha ya njia zilizoitana hadi pale uliposimama, nikiondoa vipande visivyohusika, ulikuwa huu, wa juu ukiwa wa mwisho kuitwa:

```
System.Threading.WaitHandle.WaitOne
System.Windows.Forms.Control.WaitForWaitHandle
System.Windows.Forms.Control.MarshaledInvoke
System.Windows.Forms.Control.Invoke
System.Windows.Forms.WindowsFormsSynchronizationContext.Send
Microsoft.Win32.SystemEvents.SystemEventInvokeInfo.Invoke
Microsoft.Win32.SystemEvents.RaiseEvent
Microsoft.Win32.SystemEvents.OnUserPreferenceChanged
Microsoft.Win32.SystemEvents.WindowProc
```

Usome kutoka chini. Windows imetangaza kwamba mapendeleo ya mtumiaji yamebadilika, tangazo ambalo hutolewa mandhari au rangi zinapobadilishwa, na mara nyingi pia skrini inapofungwa na kufunguliwa au mtu anapojiunga kwa mbali. Darasa la SystemEvents limelipokea kwenye uzi mkuu na kuanza kuwaarifu wote waliojiandikisha. Kwa mmoja wao likatumia Send, yaani Invoke, yaani “fanya hili kwenye uzi wako, nakusubiri”. Likasubiri, na jibu halikuja.

Uzi mkuu ulikuwa unausubiri uzi mwingine uguse kiolesura. Hilo lilitugeuza mawazo kabisa. Muda wote tulikuwa tunatafuta uzi wa chinichini unaogusa kidhibiti cha uzi mkuu, kumbe ipo mahali fulani safari ya kinyume: kidhibiti ambacho mmiliki wake ni uzi wa chinichini, na uzi mkuu ndio unaolazimika kumbishia hodi.

Kukitafuta hakukuchukua muda. Msimbo wa kutoa maandishi ulikuwa na njia hii kwa ajili ya faili za RTF (Rich Text Format, muundo wa nyaraka zenye mitindo ya maandishi):

```
static string MaandishiMatupu(string rtf)
{
    var kisanduku = new RichTextBox();
    kisanduku.Rtf = rtf;
    return kisanduku.Text;
}
```

Ni mistari inayosomeka kama haina hatia. Kisanduku hicho, RichTextBox, ni kidhibiti cha Windows Forms cha kuonyesha maandishi, lakini hapa hakionyeshwi popote, hakiwekwi kwenye dirisha lolote, kinatumika kama kikokotoo: ingiza RTF, toa maandishi matupu. Ushauri wa kufanya hivi umeenea sana na matokeo yake ni sahihi. Lakini tufuatilie kinachotokea njia hii inapoitwa ndani ya Task.Run.

Kuundwa kwa kidhibiti kwenye uzi usio na muktadha wa usawazishaji (kitu kinachojua jinsi ya kupeleka kazi kwenye uzi fulani) kunaifanya Windows Forms iweke wake hapohapo, ule wa WindowsFormsSynchronizationContext, ukiwa umefungamana na uzi huo. Kisha kuweka thamani ya Rtf kunalazimisha dirisha halisi la kisanduku litengenezwe, na mmiliki wake anakuwa uzi wa chinichini. Dirisha linapotengenezwa, RichTextBox inajiandikisha kwenye tukio la UserPreferenceChanged, maana inataka kujua mapendeleo yakibadilika. SystemEvents inapomwandikisha mtu, inaandika na muktadha aliokuja nao, ili siku ya tangazo imfuate kwenye uzi wake.

Baada ya hapo njia inarudisha maandishi na kuendelea na faili lingine. Kisanduku hakikutupwa kwa Dispose, na hakiwezi kuzolewa na mkusanya taka, sehemu ya .NET inayoondoa vitu visivyotumika tena, kwa sababu orodha ya SystemEvents, ambayo ni ya programu nzima, bado inakishikilia. Uzi wenyewe umerudi kwenye akiba ya nyuzi, zile zinazotumiwa tena na tena, ukisubiri kazi nyingine. Uko hai, ila hauna mzunguko wa ujumbe. Hautaitazama foleni yake kamwe.

Hapo ndipo kila dalili ilipopata maelezo. Programu inaganda tu kwa waliokuwa na faili za RTF kwenye folda zao, na mafolda yetu ya majaribio yalikuwa na PDF na DOCX peke yake. Inaganda wakati wa kufungua skrini kwa sababu tangazo linakuja wakati huo. Uingizaji unaendelea hadi mwisho kwa sababu nyuzi za chinichini hazikuzuiwa na chochote. BeginInvoke zao zinarundikana kwenye foleni ya uzi mkuu ambao hausikii tena. Na ulinzi wa kugusa vidhibiti ulinyamaza kwa sababu hapakuwa na kosa mbele yake. Kisanduku kiliundwa na kuguswa na uzi uleule. Ukikiuliza InvokeRequired kingejibu hapana, na kingekuwa kinasema kweli.

Kuna jambo moja ambalo lingeweza kutuokoa kwa bahati. Kama kazi hii ingefanywa kwenye uzi ulioundwa kwa ajili yake na kufa baada ya kumaliza, programu isingeganda. Windows Forms inaposubiri hivi huangalia kama uzi wa upande wa pili bado uko hai, na ukiwa umekufa hutupa kosa ambalo SystemEvents inajua kulipokea, ikaendelea na waliobaki. Nyuzi za akiba ndizo zinazoua kwa sababu hazifi. Msimbo wa zamani uliokuwa ukifanya kazi kwa new Thread unaweza kuanza kuganda siku mtu anapoufanya wa kisasa kwa Task.Run, na mabadiliko hayo yakionekana mazuri kabisa kwa mkaguzi.

Tulithibitisha kwa kuingiza faili moja la RTF, kisha kubadilisha rangi ya mandhari kwenye mipangilio ya Windows. Programu iliganda papo hapo. Spy++, zana inayoorodhesha madirisha ya Windows, nayo ilionyesha madirisha ya maegesho, yale yenye jina WindowsFormsParkingWindow ambamo Windows Forms huhifadhi vidhibiti visivyo na mzazi, yakimilikiwa na nyuzi ambazo si uzi mkuu. Safu ya vitu vya USER (madirisha na vitu vingine vya kiolesura) kwenye Task Manager ilikuwa ikipanda kila RTF inapoingia bila kushuka tena. Kikomo cha kawaida ni vitu 10,000 kwa kila programu, kwa hiyo mwenye folda kubwa ya kutosha angefika mahali programu inashindwa kutengeneza dirisha lolote jipya.

Katika kuchagua dawa, pendekezo la kwanza lilikuwa kuongeza using ili kisanduku kitupwe mara tu kinapomaliza. Kinapotupwa kwenye uzi wake, kinajiondoa kwenye orodha, na vitu vya USER vinaacha kupanda. Nilipinga kuishia hapo, na bado ningepinga. Tangazo likija wakati kisanduku kipo hai, hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, uzi mkuu utakuwa umeshatuma ombi lake kwa uzi usiosikiliza, na kukitupa kisanduku baadaye hakulifuti ombi hilo. Hitilafu ingekuwa adimu mno kiasi kwamba hakuna ambaye angeipata tena, huku ikiendelea kuwapata watumiaji wachache.

Application.DoEvents ilitajwa pia. Inaitazama foleni kwa mara moja pale inapoitwa, kisha uzi unarudi kuwa kiziwi. Na kwenye uzi mkuu inaruhusu mtumiaji kubonyeza kitufe wakati kazi ya kitufe hichohicho bado haijaisha. Sioni mahali inapofaa katika tatizo hili.

Kuhamishia kazi ya RTF kwenye uzi mkuu kungekuwa sahihi kwa sheria, lakini faili kubwa lenye picha ndani yake lingeufanya uzi huo usimame, na tungekuwa tumerudisha kuganda kwa mlango mwingine. Njia nzuri zaidi ilikuwa uzi mmoja wa kudumu wa aina ya STA (aina ambayo Windows Forms inaihitaji), wenye Application.Run yake, yaani mzunguko wake wa ujumbe, unaopokea RTF kwa foleni na kurudisha maandishi. Uzi huo unamiliki kisanduku na unasikiliza. Tangazo likija unajibu, hata kama kwa kuchelewa kidogo. Mahali ambapo kidhibiti hakikwepeki, hiyo ndiyo ningeichagua.

Hapa kilikwepeka. Faharasa ya utafutaji haihitaji fonti wala rangi wala mpangilio, inahitaji maneno. RTF ni maandishi ya kawaida yenye makundi ndani ya mabano na amri zinazoanza kwa mkwaju wa nyuma, na maelezo yake, hadi toleo la mwisho la 1.9.1 la mwaka 2008, yako wazi. Msomaji mdogo anayeruka makundi ya fonti, mitindo na picha, na kugeuza alama za herufi zilizoandikwa kwa namba, alitosha. Hana dirisha, hana foleni, hana mmiliki. Anaweza kuendeshwa na uzi wowote, na hata na nyuzi nyingi kwa pamoja, jambo ambalo kisanduku kisingeweza.

Tukiwa humo tulirekebisha na jambo la pembeni. Kila faili lilikuwa likituma BeginInvoke yake, na mafaili madogo yakifuatana kwa kasi upau ulikuwa ukiruka badala ya kusogea, kwa sababu ujumbe wa kuchora upya hupewa nafasi pale tu foleni inapokuwa haina ujumbe mwingine wa kushughulikia. Sasa uzi wa chinichini unaandika hali ya karibuni mahali pamoja palipolindwa, na kipima muda kwenye uzi mkuu kinaisoma kila milisekunde 100. Jicho la mtu halihitaji zaidi.

Anayetumia maktaba nyingine ya kiolesura asidhani mtego huu ni wa Windows Forms peke yake. Kwenye WPF, kuita Dispatcher.CurrentDispatcher ndani ya uzi wa akiba kunaunda Dispatcher (kitu kinachopanga kazi za uzi kwenye foleni) mpya ya uzi huo, na chochote utakachoitumia kwa BeginInvoke kitakaa hapo bila kutekelezwa na bila kosa. Kwenye Qt, kila QObject, kitu cha msingi cha maktaba hiyo, inaishi kwenye uzi fulani, na ishara iliyotumwa kwa foleni kwenda kwenye uzi usio na mzunguko wa matukio haimfikii mtu. Swing inataka vijenzi viguswe kwenye uzi wa matukio, na hilo linahusu hata kuviunda, sehemu ambayo watu husahau. Kwenye macOS, Xcode, zana ya Apple ya kuandikia programu, ilipata mkaguzi wa uzi mkuu katika toleo la 9 mwaka 2017, naye anasaidia sana kwa kuwa anauliza swali tofauti: hajali nani aliunda kitu, anataka kujua tu kama uliopo sasa ni uzi mkuu.

Swali la namna hiyo ndilo tulilolitaka kwenye msimbo wetu, kwa namna isiyotegemea kumbukumbu ya mkaguzi. Kwa muda tulitumia kituo cha dibaga (breakpoint, mahali inapoisimamisha programu) kwenye muundaji wa Application.MarshalingControl, darasa la ndani ambalo Windows Forms hulitengeneza kwa kila uzi inaouwekea muktadha wake; kikiguswa na uzi usio mkuu, kuna kidhibiti kinazaliwa pasipostahili. Lakini hilo linahitaji mtu awe anatazama. Suluhisho la kudumu lilikuwa kuuhamisha msimbo wote wa kutoa maandishi kwenye maktaba yake, mradi ambao hauna rejeo la System.Windows.Forms hata kidogo, ili kompaila yenyewe ikatae msimbo wowote unaotumia vidhibiti humo.

Ilikataa mara ya kwanza tu tulipojenga. Msimbo wa kusoma nyaraka zenye nywila ulikuwa ukiita MessageBox.Show moja kwa moja kutoka chinichini, kisanduku kisicho na dirisha mama, ambacho kingeweza kujificha nyuma ya dirisha kuu huku uingizaji ukimsubiri mtumiaji asiyekiona. Sasa msimbo huo unarudisha taarifa kwamba waraka umefungwa, na uzi mkuu ndio unaoamua lini na wapi pa kuuliza nywila.